Pangani, Mji wa Mlangoni mwa Mto

Jahazi linalotaka kuingia Pangani halina budi kungoja maji yajae. Mdomoni mwa mto pana fungu la mchanga lisilotulia mahali pamoja. Mawimbi ya bahari hulisukuma huku, mafuriko ya masika hulirudisha kule, na nahodha asiyeujua mlango huo hukwama huku akiuona mji kwa macho. Upande wa kusini ni Bweni, chini ya kilima kilichosimama wima. Upande wa kaskazini, kwenye tambarare ya mchanga na minazi, ndipo ulipokaa mji wenyewe: Boma, forodha ya zamani, soko, misikiti, na mtaa wa nyumba za mawe zenye milango ya nakshi ambazo chokaa yake imebanduka.

Fungu hilo la mchanga limeamua mengi katika historia ya Pangani. Zama za majahazi na madau, wenyeji walilijua na wageni hawakulijua, na hiyo ilikuwa faida. Zilipokuja meli za moshi, zilitia nanga mbali na kwenda zake Tanga. Msafiri wa leo anayeingia kwa basi akakuta mji mdogo wenye utulivu anaweza kudhani umekuwa hivyo siku zote. Haukuwa hivyo. Udogo wa Pangani una tarehe na una sababu, na yapo mambo mawili makubwa ya nchi hii, vita vya kwanza vya kuwapinga Wajerumani na kilimo cha mkonge, yaliyoanzia hapa.

Mto wenyewe unatoka mbali. Maji ya Kilimanjaro na ya Mlima Meru hukutana penye bwawa la Nyumba ya Mungu, kisha hushuka kupitia nyika, chini ya milima ya Upare na Usambara, safari ya kilomita zipatazo 500 hadi baharini. Maporomoko ya karibu na Hale huzuia vyombo kupanda juu, lakini bonde lote lilikuwa njia kwa sababu lilikuwa na maji na chakula, na msafara wenye mamia ya wapagazi hauwezi kwenda bila vitu hivyo viwili. Wapo wataalamu waliouweka hapa mji wa kale wa Rhapta unaotajwa na mabaharia wa Kiyunani, na wengine wameuweka kwenye delta ya Rufiji. Mimi sioni haja ya Pangani kuazima ukongwe huo. Karne ya 19 peke yake inaitosha.

Katika karne hiyo Pangani ilikuwa mlango wa biashara ya kaskazini. Mizigo ya nguo za merikani, shanga na masango iliondoka hapa kwenda Kilimanjaro na Umasaini, na pembe za ndovu zikarudi. Mwezi Februari 1857 Richard Burton na John Speke walifika hapa, wakapanda hadi Vuga kumwona Kimweri ye Nyumbai, mfalme wa Wasambaa, ambaye madai yake yalifika mpaka pwani. Mwaka 1887 Teleki, kabaila kutoka Hungaria, alianzia Pangani msafara uliofika ziwa tunaloliita leo Turkana. Vitabu vya Ulaya viliwapa hao sifa ya kuvumbua. Lakini aliyewaongoza njia msafiri Joseph Thomson mwaka 1883 na Teleki baada yake alikuwa mtu wa Pangani, Jumbe Kimemeta, mfanyabiashara wa pembe aliyekwisha kuzunguka Umasaini kwa miaka, akijua visima, akijua lugha, akijua ni mzee gani wa kulipwa hongo na kwa kiasi gani. Wazungu walinunua elimu iliyokuwapo tayari mjini hapa. Ingefaa jina la Kimemeta lijulikane kwa kila mtoto anayefundishwa majina ya hao wengine.

Mamlaka ya mji yalikuwa ya mikono mingi. Palikuwa na majumbe wa ukoo wa Kishirazi waliotoza ada za misafara na kusimamia sherehe. Palikuwa na liwali wa Sultani wa Unguja pamoja na askari wachache. Palikuwa na Wahindi waliokopesha fedha na bidhaa, na Waarabu wenye mashamba. Nyuma ya mji walikaa Wazigua na Wabondei, walioleta nafaka na kuondoka na nguo. Hakuna hata mmoja kati ya hao aliyeweza kutoa amri ikafuatwa na wote. Mambo yalikwenda kwa kushauriana, kwa karamu, kwa madeni na kwa kuoana. Jambo hili lafaa kukumbukwa tunapofika kwenye mwaka 1888, kwa sababu Wajerumani waliingia mjini wakidhani kwamba aliye na karatasi ya Sultani ana mji.

Lakini kwanza sukari, na pamoja nayo watumwa. Katika nusu ya pili ya karne ya 19 kingo za mto zilipandwa miwa. Vinu vilikamua, sufuria zikachemsha, na sukari guru ikapakiwa kwenda Unguja na Arabuni. Kazi ya shamba la miwa haina huruma: miwa ikikatwa lazima ikamuliwe upesi, na moto hauzimwi msimu ukishaanza. Iliyofanya kazi hiyo ni mikono ya watu waliotekwa au kuuzwa bara. Soko la watumwa la Unguja lilipofungwa mwaka 1873 biashara haikufa. Ilikwenda kwa magendo, na Pangani, inayotazamana na visiwa, ikawa mojawapo ya njia za kuvusha watu usiku kwenda kwenye mashamba ya karafuu ya Pemba.

Watumwa hao hawakukaa kimya. Katika miaka ya 1870 wengi walitoroka mashamba ya Pangani, wakajenga vijiji vyao porini na kuvilinda kwa silaha, na mabwana zao wakashindwa kuwarudisha. Historia ya mji huu husimuliwa zaidi kwa majina ya wenye nyumba za mawe. Hao watoro nao ni waasisi. Wenyeji husimulia mpaka leo kwamba chini ya nguzo za Boma, jengo ambalo mwanzo wake huhesabiwa tangu mwaka 1810, walizikwa watumwa wakiwa hai ili msingi uwe imara. Simulizi hiyo imedumu vizazi vingi kwa sababu inashika jambo moja la kweli: watu wanajua ni nani aliyelipia utukufu wa nyumba zile.

Tufike Agosti 1888. Mwezi Aprili mwaka huo Sultani Khalifa bin Said alikuwa ametia saini mkataba wa kuikodisha Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki utawala na ushuru wa pwani ya Mrima, na utekelezaji ulikuwa uanze tarehe 16 Agosti. Pangani alipelekwa Emil von Zelewski. Alitaka bendera ya kampuni ipandishwe pamoja na ya Sultani. Liwali Abdulgawi bin Abdallah alikataa, akisema hana amri hiyo kutoka kwa bwana wake. Zelewski akaita askari wa majini kutoka meli ya kivita Carola.

Siku hizo zilikuwa za Idd el-Hajj. Mji ulikuwa umejaa: watu wa vijijini walikuja kusherehekea, wapagazi wa misafara walikuwapo, ngoma zilikuwa zikipigwa mitaani. Katikati ya sikukuu hiyo Wajerumani wenye silaha walimsaka liwali nyumbani kwake, wakaingia msikitini na viatu vyao na mbwa, wakaikata nguzo ya bendera ya Sultani. Kwa mtu wa Pangani hapakuwa na haja ya kufafanuliwa mkataba baada ya hapo. Waliokuwa na mashaka juu ya nia ya wageni waliiona nia yenyewe siku ya Idd, penye mihrabu.

Carola ilipoondoka, mji ulibaki na hasira yake na Zelewski na wenzake wachache. Mwanzoni mwa Septemba umati uliwazingira ndani ya nyumba yao wasitoke. Wakubwa wa mji, majumbe na Waarabu wengi, walitafuta njia ya kulimaliza jambo kwa maneno, maana walikuwa na mali ya kupoteza. Umati haukutaka. Humo walikuwamo vijana wa mji, wapagazi wasio na kazi, watu wa mashambani, Wazigua waliokuja na bunduki zao. Ilibidi Lloyd Mathews, Mwingereza aliyekuwa mkuu wa jeshi la Sultani, aje na askari kuwachukua Wajerumani mpaka Unguja. Naye hakupata utii wa mji.

Nasisitiza mpangilio huo wa mambo kwa sababu vita hivi vimezoea kuitwa vita vya Bushiri, kana kwamba mtu mmoja aliamka akaamua. Bushiri bin Salim al-Harthi alikuja baada ya moto kuwaka. Alikuwa mwenye shamba la miwa karibu na Pangani, mtu aliyekuwa amekataa kwa miaka mingi kumnyenyekea Sultani, na alikuwa na watumwa, na alikuwa na madeni. Kipaji chake kilikuwa cha vita na cha kuunganisha watu waliokwisha kusimama wenyewe. Kumheshimu hakutulazimishi kusahau ni nani waliokata miwa yake, wala kumtaja kuwa mwenye watumwa hakumwondolei ushujaa. Pangani iliwazaa wote wawili, Bushiri na watoro, na pengine baadhi yao walipigana upande mmoja.

Kutoka hapa uasi ulienea pwani nzima, mpaka Kilwa na Mikindani. Saadani alisimama Bwana Heri. Wazungu wawili waliokuwa wakirudi kutoka Usambara, Hans Meyer na Oscar Baumann, walikamatwa na watu wa Bushiri, wakafungwa minyororo, wakaachiwa kwa fidia. Mwaka uliofuata Meyer huyo huyo alifika kileleni Kilimanjaro. Safari hiyo aliamua kuanzia Mombasa. Ili kuuzima uasi, Berlin ilimtuma Hermann Wissmann na jeshi la Wasudani waliokusanywa Misri na askari wa Kizulu walioletwa kutoka Msumbiji. Mwezi Mei 1889 aliivunja kambi ya Bushiri karibu na Bagamoyo. Mwezi Julai mizinga ya meli ilielekezwa Pangani, na mji ukatwaliwa.

Bushiri alikimbilia bara, akaendelea kupigana mpaka Mpwapwa, mwishowe akasalitiwa na kukamatwa. Walimrudisha Pangani. Tarehe 15 Desemba 1889 alinyongwa hapa, mbele ya watu wa mji wake. Leo kuna kata inayoitwa Bushiri katika wilaya hii. Na Zelewski je? Alirudi na jeshi, akapewa kuongoza kikosi cha kuwapiga Wahehe, na tarehe 17 Agosti 1891 akauawa Lugalo na majeshi ya mtawala wao, Mkwawa. Vita vya pwani vilipata mshairi wake, Hemedi bin Abdallah al-Buhry, aliyevitungia utenzi mrefu angali na kumbukumbu mbichi. Anayetaka kujua jinsi watu wa Mrima walivyojieleza wenyewe maafa hayo aanzie huko kabla ya kusoma taarifa za maofisa.

Baada ya vita Pangani haikuadhibiwa kwa amri yoyote. Ilipitwa tu. Mwaka 1893 Wajerumani walianza kujenga reli, na waliianzishia Tanga, penye ghuba yenye kina na kinga, ambako meli kubwa huingia bila kungoja maji. Reli ilifika Muheza, ikaenda Korogwe, mwaka 1905 ikafika Mombo, na baadaye Moshi. Kila kituo kilichofunguliwa kilikata kipande cha ile njia ya kale ya misafara. Pembe na ngozi zilizokuwa zikishuka bondeni kwa miguu hadi mlangoni mwa mto zilipakiwa kwenye behewa. Wahindi wengi walifuata biashara Tanga. Nyumba zao zilibaki.

Mwaka ule ule wa 1893 lilitokea jambo ambalo watu wachache waliliona kuwa kubwa. Richard Hindorf, mtaalamu wa kilimo wa Kampuni ya Kijerumani, alitafuta zao linaloweza kuvumilia ukame wa pwani. Mexico ilikuwa inalinda mkonge wake, basi akaagiza miche 1,000 kutoka Florida. Safari ilikuwa ndefu na miche mingi ilikufa njiani. Iliyofika hai Afrika Mashariki ilikuwa 62. Ilipandwa Kikogwe, shamba la kampuni kusini ya mto Pangani. Kutoka kwenye miche hiyo 62 ulitoka mkonge wa Tanga, wa Kilosa, wa Lindi, na hata wa Kenya, mpaka Tanganyika ikawa mzalishaji mkubwa kuliko wote duniani. Mwaka 1964 nchi ilitoa tani zipatazo 230,000. Sifa imekwenda Tanga kwa sababu bandari, reli na ofisi zilikuwa Tanga, lakini udongo uliopokea mizizi ya kwanza ni wa Pangani, na sijui mkulima gani mwingine angeacha jambo kama hilo bila kulisema kila siku.

Mkonge ulibadili watu wa wilaya. Mashamba kama Mwera yalihitaji wakataji, na wenyeji hawakupenda kazi ile, kwa hiyo wakaja manamba: Wabena, Wamakonde, Waha, Wanyamwezi, Warundi, watu wa Msumbiji. Walikuja kwa mkataba wa muda, na wengi hawakurudi kwao. Wajukuu wao ni Wapangani leo. Ukikaa barazani jioni utasikia mtu akisema yeye ni mtu wa hapa hapa, kisha akakutajia babu aliyetoka Kigoma, bibi wa Kizigua na mjomba aliyeko Pemba. Waliokuja kwa minyororo, waliokuja kwa mkataba na waliokuja kwa jahazi wamechanganyika, na Kiswahili chao ni kimoja, cha Mrima, chenye upole wa kusalimiana kirefu kabla ya kuulizana habari yoyote ya haja.

Wakati wa Waingereza, waliouchukua mji mwezi Julai 1916, Pangani iliendelea kama makao ya wilaya yenye bandari ndogo. Shaaban Robert aliingia kazi ya forodha mwaka 1926, akiwa kijana wa miaka kumi na saba, na Pangani ilikuwa miongoni mwa vituo alivyotumikia kabla ya kuihama idara hiyo mwaka 1944. Napenda kumfikiria hapo, akiandika hesabu za nazi, mbata na samaki wa chumvi katika bandari ambayo shughuli zake zilikuwa zimepungua kiasi cha kumwachia karani nafasi ya kusoma. Siwezi kudai kwamba mji huo ulimfanya mshairi. Lakini pwani iliyoelemewa na kumbukumbu kama zile ilikuwa mwalimu mzuri kwa mtu aliyekuja kuandika sana juu ya utu.

Kisha mkonge nao ukaanguka. Nyuzi za viwandani zilishusha bei, mashamba mengi yalitaifishwa mwaka 1967, mitambo ikachakaa. Sehemu za mashamba zikawa vichaka, nyingine zikalimwa mahindi na muhogo na wanavijiji. Nazi na samaki vikabaki kuwa riziki ya kila siku. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 54,025 katika wilaya nzima, na mji wenyewe ni sehemu tu ya hao.

Maisha ya leo yanafuata mto na bahari. Alfajiri ngalawa na mashua hurudi, na wachuuzi hugawana samaki wakiwa bado wanaruka. Pantoni huenda Bweni na kurudi siku nzima, ikiwa na wanafunzi, pikipiki, magunia ya nazi, akina mama wenye vikapu, na wageni wanaokwenda kwenye hoteli za ufukwe wa Ushongo. Kipumbwi, kusini zaidi, boti huvuka kwenda Mkokotoni, kwa hiyo kwa watu wengi wa hapa Unguja iko karibu kuliko Dar es Salaam. Mjini hakuna haraka. Wageni husifu utulivu huo. Kijana wa Pangani aliyemaliza shule anautazama kwa jicho jingine, na wengi wao huondoka.

Bahari nayo inabadilika. Kisiwa cha Maziwe, karibu na pwani hii, kilikuwa na mivinje mirefu, na kasa walipanda kutaga mchangani. Mawimbi yalikila kisiwa, na miaka ya mwanzo ya 1980 miti yote ilikuwa imekwisha. Sasa Maziwe ni fungu la mchanga linaloonekana maji yakitoka na kuzama yakijaa. Kasa wakitaga huko, mayai huhamishiwa ufukwe wa bara ili yasizame. Mtoni, wakulima wa kandokando wamekuwa wakilalamika kwa miaka mingi kwamba maji ya chumvi yanapanda juu zaidi kuliko zamani na kuharibu mazao. Sababu mojawapo iko mbali nao: maji ya mto huu humwagilia mashamba na maua ya Arusha na Kilimanjaro, hutunzwa Nyumba ya Mungu, huzungusha mitambo ya umeme kule Hale na Maporomoko ya Pangani, na mkondo unaofika chini ukipungua nguvu, bahari huingia. Aliye mwisho wa mto hupokea maamuzi ya wote walio juu yake. Mbele ya mji umejengwa ukuta kuzuia kingo zisimomonyoke.

Na sasa linajengwa daraja. Litakuwa na urefu wa mita 525, kutoka Pangani hadi Bweni, kwenye barabara ya lami inayotoka Tanga kupitia Saadani hadi Bagamoyo. Kwa mara ya kwanza tangu reli iuache, mji huu utakuwa njiani. Mama mjamzito wa Bweni hatangoja pantoni usiku wa manane, na hilo peke yake linatosha kulitaka daraja. Malori yatapita, ardhi ya ufukweni itapanda bei, na mwenye kiwanja cha urithi asiye na hati atakuwa wa kwanza kusumbuliwa. Halmashauri ina kazi ya kupima ardhi hiyo na kuwapa wenyewe hati kabla ya madalali kufika.

Kuna kazi nyingine, ya mawe. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda moja kwa moja majengo yaliyojengwa kabla ya mwaka 1863. Boma, kwa umri unaohesabiwa, limo. Lakini nyumba nyingi za mtaa wa Wahindi, majengo ya Wajerumani na mabaki ya vinu vya sukari kandokando ya mto ni ya baada ya mwaka huo, nayo hayalindwi mpaka waziri ayatangaze. Maana yake ni kwamba karibu kila jiwe linaloshuhudia Agosti 1888 linaweza kuvunjwa kihalali na mwenye pesa ya kujenga gesti ya ghorofa tatu. Tangazo ni karatasi moja kwenye gazeti la serikali, na orodha ya nyumba hizo inaweza kuandikwa na wazee wa Pangani wenyewe, maana wanazijua kwa majina ya walioishi humo, vyumba vya juu na vya chini.